Ufuatiliaji wa uthabiti wa vitendanishi vya maabara

Ufuatiliaji wa uthabiti wa vitendanishi ni kazi inayofanywa na maabara ya tiba ili kuhakikisha kwamba kemikali na vifaa vya kupimia damu, mkojo, makohozi na sampuli nyingine vinatoa jibu lile lile kwa sampuli ile ile, leo, mwezi ujao na mwaka ujao, hata pale chupa moja inapokwisha na nyingine kufunguliwa. Kazi hii ni sehemu ya udhibiti wa ubora wa maabara. Mgonjwa haioni, lakini jibu analopewa kwenye karatasi linaitegemea.

## Kitendanishi na toleo lake

Kitendanishi ni kitu chochote kinachochanganywa au kukutanishwa na sampuli ili kuonyesha kilichomo ndani yake. Kinaweza kuwa kimiminika cha kupimia sukari kwenye damu, rangi ya Giemsa ya kutafutia vimelea vya malaria, matone ya kupangia makundi ya damu, utepe wa mkojo, kijikasha cha kipimo cha haraka cha VVU au katriji ya kupimia kifua kikuu. Katika Tanzania neno *vitendanishi* limezoeleka hata nje ya maabara. Tangazo la "tumeishiwa vitendanishi" mlangoni mwa maabara ni la kawaida, na mgonjwa hulielewa bila kufafanuliwa.

Kiwanda hutengeneza vitendanishi kwa mafungu. Kila fungu hupewa namba yake, ambayo huandikwa kwenye boksi karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Fungu hilo huitwa toleo. Wataalamu wengi wa maabara husema loti au bechi. Chupa za toleo moja zimetoka kwenye pipa moja, kwa hiyo hufanana sana. Chupa za matoleo mawili hufanana kwa kadiri kiwanda kilivyoweza kuzifananisha. Tofauti huwa kubwa zaidi katika vitendanishi vyenye asili ya viumbe, kama vimeng'enya na kingamwili, kuliko katika kemikali za kawaida, kwa sababu kilichotolewa kwa kiumbe hai hakiji na nguvu ile ile kila mara.

Kuna pia mabadiliko yasiyotokana na kiwanda. Chupa iliyofunguliwa huanza kuzeeka siku hiyo hiyo: maji hupungua kwa mvuke, hewa huingia, na mwanga huharibu rangi. Ndiyo maana kitendanishi huwa na tarehe mbili, moja ya chupa isiyofunguliwa na nyingine, iliyo fupi zaidi, ya chupa iliyokwisha kufunguliwa. Tarehe hii ya pili haipo kwenye boksi. Huandikwa kwa kalamu na aliyefungua, na mara nyingi husahauliwa.

Msomaji aliyewahi kufanya titresheni shuleni atalielewa jambo hili haraka. Mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi ukiachwa wazi hunyonya kaboni dioksaidi kutoka hewani na nguvu yake hupungua. Darasa zima likiutumia, wanafunzi 40 watapata jibu moja linalofanana, na wote watakuwa wamekosa. Kufanana kwa majibu yao kunathibitisha kwamba walifanya kazi kwa uangalifu. Kuhusu hali ya mmumunyo hakusemi lolote.

## Uzito wake katika tiba

Maamuzi mengi ya daktari hufuata mpaka wa namba. Mtu aliyefunga usiku kucha akikutwa na sukari ya milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na kipimo kikarudiwa na kuthibitika, huhesabiwa kuwa na kisukari. Mjamzito mwenye himoglobini chini ya gramu 7 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu mkali wa damu, na huenda akahitaji kuongezewa damu. Kitendanishi kinachopandisha jibu kwa asilimia 5 tu kitamchukua mtu mwenye sukari ya 6.7 na kumwandikia 7.0. Kinachopandisha himoglobini kwa kiasi hicho kitamwandikia mjamzito mwenye 6.8 kuwa ana 7.1, na atarudishwa nyumbani.

Wanaofuatiliwa kwa muda mrefu huumia kwa njia nyingine. Mgonjwa wa figo akipimwa kreatinini Januari kwa toleo moja na Aprili kwa toleo jingine, daktari huona namba mbili na kuuliza ugonjwa unakwendaje. Kama matoleo hayalingani, tofauti anayoiona inaweza kuwa ya chupa, na dawa zikabadilishwa kwa sababu ya chupa hiyo.

## Historia

Chanzo cha mbinu hizi ni viwanda. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mwanafizikia wa Marekani aliyekuwa akishughulikia ubora wa vifaa vya simu, alibuni chati ya kutenganisha mabadiliko madogo ya kawaida na mabadiliko yenye sababu maalumu. Mwaka 1947 William Belk na William Sunderman walichapisha matokeo ya uchunguzi wao katika maabara za hospitali za Pennsylvania. Walikuwa wamezipelekea sampuli zilizofanana, na majibu yaliyorudi yalitofautiana kiasi cha kushtua. Mwaka 1950 Stanley Levey na E. R. Jennings waliichukua chati ya Shewhart na kuiingiza katika maabara ya tiba, na mpaka leo chati hiyo huitwa kwa majina yao. Mwaka 1981 James Westgard na wenzake walichapisha kanuni kadhaa za kuisoma kwa pamoja, ambazo hufundishwa katika vyuo vya maabara duniani kote.

Wazo lenyewe si geni kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Katika miji ya wachimbaji kama Katoro na Buseresere, ambayo imepakana mmoja ukiwa Wilaya ya Geita na mwingine Wilaya ya Chato, muuza dhahabu asiyeuamini mzani huomba uwekewe kwanza jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Maabara za migodi mikubwa hufanya hivyo kwa utaratibu rasmi. Kati ya sampuli za mwamba huingizwa nyingine zenye kiasi cha dhahabu kinachojulikana, na nyingine zisizo na dhahabu kabisa, na zikirudi na jibu lisilo lake kazi ya kundi lile huchunguzwa upya. Maabara ya hospitali nayo hufanya vivyo hivyo kwa damu.

## Chati ya udhibiti

"Jiwe" la maabara ya tiba huitwa sampuli ya udhibiti, au kontroli. Ni seramu au damu iliyotayarishwa ili kiasi chake kijulikane na kisibadilike kwa miezi mingi. Hupimwa kila siku kabla ya wagonjwa, kwa kitendanishi kile kile na kwa mashine ile ile. Kwa kawaida hutumika kontroli mbili, moja ya kiwango cha kawaida na nyingine ya kiwango cha ugonjwa, kwa sababu kitendanishi kinaweza kuwa kizuri chini na kibovu juu.

Maabara hupima kontroli angalau mara 20 kwa siku tofauti, kisha hukokotoa wastani na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi majibu yanavyotawanyika kuuzunguka wastani. Kwenye karatasi ya mraba huchorwa mstari wa wastani katikati, na juu na chini yake mistari ya mkengeuko sanifu 1, 2 na 3. Kila siku nukta moja huongezwa.

Tuchukue mfano wa sukari ambapo wastani wa kontroli ni 5.5 na mkengeuko sanifu ni 0.2. Mipaka ya mikengeuko 2 ni 5.1 na 5.9, na ya mikengeuko 3 ni 4.9 na 6.1. Katika hali njema nukta 19 hivi kati ya 20 huangukia ndani ya mipaka ya kwanza. Nukta moja nje ya mipaka hiyo ni onyo tu. Ikitoka nje ya mikengeuko 3, majibu ya wagonjwa husimamishwa mpaka sababu ijulikane.

Hapo ndipo wengi huishia, na hapo ndipo badiliko la toleo hupita bila kuonekana. Tuseme toleo jipya limefunguliwa na siku 10 zinazofuata kontroli inasoma 5.7, 5.8, 5.7, 5.9, 5.8, 5.6, 5.8, 5.7, 5.9 na 5.7. Hakuna hata jibu moja lililovuka 5.9. Anayeangalia mipaka peke yake ataweka alama ya "sawa" mara 10. Lakini nukta zote 10 ziko juu ya wastani. Kama kila nukta ina nafasi sawa ya kuangukia juu au chini, ni sawa na kurusha sarafu mara 10 na kupata upande mmoja mara zote, jambo ambalo kwa bahati tupu hutokea mara 1 katika 512. Wastani mpya ni 5.76, umepanda kwa karibu asilimia 5. Kanuni ya nukta 10 upande mmoja, iliyo miongoni mwa kanuni za Westgard, iliwekwa kwa ajili ya hali kama hii.

Umbo la chati husaidia kutambua chanzo. Nukta zikiruka ghafla na kubaki juu au chini, mara nyingi kuna kitu kimebadilishwa siku ile: toleo, taa ya mashine, au usawazishaji wa mashine. Zikishuka polepole kwa wiki kadhaa, kitendanishi kinachakaa au jokofu linapoteza baridi. Zikitawanyika huku na huku bila mwelekeo, ni vema kuangalia pipeti na mkono wa anayepima. Kwa sababu hiyo chati isiyoandikwa namba ya toleo na siku ya kufungua chupa ina faida ndogo, hata ikiwa imechorwa kwa kompyuta. Mstari mmoja wa wima siku toleo lilipobadilika, na namba yake pembeni, hueleza mengi kuliko ukurasa wa maelezo.

## Kulinganisha toleo jipya na la zamani

Kontroli peke yake haitoshi kuhukumu toleo jipya. Imetengenezwa kiwandani, imekaushwa au kuongezewa vihifadhi, na haifanani kabisa na damu iliyotoka mshipani. Inatokea kontroli ikabadilika na toleo jipya ilhali wagonjwa hawakubadilika, au kinyume chake. Utafiti wa Greg Miller na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2011 uliona kwamba katika takriban mara 4 kati ya 10 za kubadilisha toleo, badiliko la kontroli halikulingana na badiliko la sampuli za wagonjwa. Anayerekebisha mashine ili kontroli irudi mahali pake anaweza, kwa nia njema kabisa, kuwa anaharibu majibu ya wagonjwa yaliyokuwa sahihi.

Kwa hiyo njia inayopendekezwa ni kuchukua sampuli za wagonjwa wenyewe, za chini, za kati na za juu, na kuzipima siku moja kwa matoleo yote mawili. Maabara nyingi hutumia sampuli 5 hadi 20. Kiwango cha tofauti kinachokubalika huamuliwa kabla ya kupima. Kikiamuliwa baadaye, majibu yoyote yataonekana yanakubalika.

Mfano wa sampuli 5 za sukari: toleo la zamani limesoma 3.8, 5.4, 7.1, 11.0 na 18.2, na toleo jipya 4.0, 5.7, 7.4, 11.5 na 19.1. Tofauti ni asilimia 5.3, 5.6, 4.2, 4.5 na 4.9. Maabara iliyojiwekea mpaka wa asilimia 10 kwa kila sampuli itasema toleo limefaulu. Lakini tofauti zote 5 zimeelekea upande mmoja, na wastani wake ni karibu asilimia 5. Tofauti za bahati zingekwenda nyingine juu na nyingine chini. Ni busara kuwa na mpaka wa pili, mdogo zaidi, kwa ajili ya wastani wa tofauti.

Kuna mtego mwingine unaohitaji kumbukumbu ndefu. Toleo la pili hulinganishwa na la kwanza, la tatu na la pili, la nne na la tatu. Kila moja likipanda asilimia 5 na kukubaliwa, baada ya mabadiliko matatu majibu yatakuwa yamepanda kwa karibu asilimia 16 bila toleo lolote kukataliwa. Jambo la namna hii lilielezwa mwaka 2013 na watafiti wa Mayo Clinic na wenzao nchini Marekani kuhusu kipimo cha homoni ya IGF-1, inayotumika kuchunguza matatizo ya ukuaji. Kila toleo lilikuwa limelinganishwa na lililotangulia na kupita, lakini wagonjwa wenye majibu ya juu walizidi kuongezeka, na madaktari wakaanza kuona majibu yasiyolingana na hali za watu waliokuwa mbele yao. Kilichoweza kufichua tatizo mapema ni wastani wa majibu ya wagonjwa wote, uliofuatwa mwezi hadi mwezi.

Njia ya wastani wa wagonjwa ni ya zamani. Robert Hoffmann na Marion Waid waliipendekeza mwaka 1965, na mwaka 1974 Brian Bull alitengeneza njia ya kuitumia kwa mashine za kuhesabu chembe za damu, akifuata wastani wa ukubwa wa chembe nyekundu katika mafungu ya wagonjwa 20. Haihitaji kununua chochote, nayo inafaa sana kwa maabara zisizo na fedha ya kontroli. Tahadhari yake ni kwamba kila maabara ijitafutie wastani wake. Katika Kanda ya Ziwa, ambako selimundu, malaria na upungufu wa madini ya chuma ni vya kawaida, wastani wa kitabu kilichoandikwa Ulaya hautafaa. Tena, siku ya kliniki ya selimundu itasogeza wastani bila kosa la kitendanishi.

Kikwazo kikubwa cha kulinganisha matoleo katika vituo vya Afrika Mashariki ni kwamba la zamani huwa limekwisha kabla jipya halijafika. Hakuna cha kulinganisha nacho. Dawa yake ni kutenga chupa ya mwisho, au angalau sehemu yake, na kuiandika "isitumike". Njia nyingine ni kuchanganya seramu zilizobaki za wagonjwa wengi, kuzigawa katika vichupa vidogo na kuzigandisha kwenye nyuzi -20, kisha kupima kichupa kimoja kila toleo linapobadilika. Seramu hizo zinapaswa kuwa zimepimwa VVU na homa ya ini kwanza, na kichupa kilichoyeyushwa hakigandishwi tena.

## Vipimo visivyotoa namba

Vipimo vingi vya zahanati na vituo vya afya havitoi namba. Hutoa "ipo" au "haipo". Chati ya Levey na Jennings haiwezi kuchorwa kwa majibu hayo, lakini wajibu ni ule ule.

Kwa *rangi ya Giemsa*, kila toleo jipya, na kila mchanganyiko mpya, hujaribiwa kwa slaidi ambayo inajulikana kuwa na vimelea. Maji ya kuchanganyia yanapaswa kuwa na pH 7.2. Yakiwa na tindikali zaidi, rangi ya vimelea hufifia, na mpimaji mzuri atasema hakuna malaria. Rangi ya akiba hutengenezwa kwa methanoli na gliseroli, na tone la maji likiingia humo huanza kuiharibu. Mtu akirudisha pipeti yenye maji ndani ya chupa ya akiba amekwisha kuiharibu chupa nzima, ingawa kwa macho haionekani hivyo. Ile iliyokwisha kuchanganywa na maji hutumika siku hiyo hiyo na kumwagwa.

Kwa *rangi za kifua kikuu* za Ziehl-Neelsen huwekwa slaidi mbili, moja yenye bakteria na nyingine isiyo nao. Ile isiyo nao ina kazi yake maalumu: maji ya bomba au rangi iliyochafuka huweza kuwa na bakteria wengine wanaoshika rangi hiyo, na mtu asiye na kifua kikuu akaandikiwa dawa za miezi 6. Katika eneo la migodi, ambako vumbi la miamba huharibu mapafu na kifua kikuu kiko juu, makosa ya pande zote mbili ni ghali.

Kwa *makundi ya damu*, matone ya anti-A (ya buluu), anti-B (ya njano) na anti-D hujaribiwa kila siku kwa chembe za damu ambazo makundi yake yanajulikana. Nguvu ya mgando huangaliwa pia, si kuwepo kwake tu. Matone yaliyokaa mezani mchana kutwa kwa wiki kadhaa bado yatagandisha damu yenye nguvu, huku yakishindwa kwa damu dhaifu. Hapa kosa moja linaweza kuua mtu siku hiyo hiyo.

*Vipimo vya haraka* vya malaria na VVU vina mstari wa kontroli ndani ya kijikasha, na watu wengi hudhani mstari huo unathibitisha kwamba kipimo ni kizima. Kwa kweli huonyesha kwamba kimiminika kimepita na rangi inafanya kazi. Kingamwili za mstari wa ugonjwa zinaweza kuwa zimeharibiwa na joto na mstari wa kontroli ukatokea vizuri. Uhakika hupatikana kwa sampuli halisi inayojulikana. Kuanzia mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani na taasisi ya FIND ziliendesha mpango wa kupima matoleo ya vipimo vya malaria, kwa sampuli zenye vimelea 200 na 2,000 katika mikrolita moja ya damu. Kile kiwango cha 200 ndicho mtihani wenyewe, kwa maana kipimo kilichochoka huanza kukosea kwa wagonjwa wenye vimelea vichache.

Kwa VVU, mwezi Desemba 2011 Shirika la Afya Duniani lilikiondoa katika orodha yake kipimo kimoja cha haraka kilichokuwa kikitumika sana Afrika Mashariki, na mwanzoni mwa 2012 Kenya ikasimamisha matumizi yake na kukusanya vijikasha vilivyosambazwa. Katika hali kama hiyo kituo kilichoandika namba ya toleo mbele ya jina la kila aliyepimwa kinaweza kuwaita watu wake. Kisichoandika hakijui kimwite nani.

*Katriji za GeneXpert*, zilizoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani kwa kifua kikuu mwezi Desemba 2010, zimebeba kontroli zake ndani, na mashine hukataa kutoa jibu zikishindwa. Kwa hiyo kinachofuatwa ni idadi ya makosa na majibu batili kwa kila toleo na kwa kila chumba cha mashine. Makosa yakiongezeka kwenye vyumba vyote siku toleo lilipobadilika, shaka iko kwa toleo. Yakiwa kwenye chumba kimoja, shaka iko kwa mashine.

## Joto, umeme na safari

Toleo moja linaweza kuwa zima Dar es Salaam na bovu zahanati, kwa sababu ya kilichotokea njiani. Ndiyo maana kiwango cha kimataifa hutaka uhakiki kwa kila toleo jipya na pia kwa kila shehena, hata shehena ikiwa ya toleo lililokwisha kukubaliwa.

Vijikasha vya haraka kwa kawaida huvumilia joto la nyuzi 30, vingine mpaka 40. Katriji za GeneXpert huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28. Vitendanishi vingi vya kemia na matone ya makundi ya damu hukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Chini ya bati, mchana wa Septemba, stoo isiyo na dari huvuka nyuzi 30 bila shida. Watu huogopa joto na kusahau baridi: kitendanishi chenye kingamwili kikiganda nyuma ya jokofu, kwenye ukuta wa barafu, huharibika, na kikiyeyuka hakionyeshi dalili yoyote.

Kipimajoto cha jokofu husomwa asubuhi na jioni na kuandikwa. Kwa mahali umeme unapokatika usiku, kipimajoto kinachokumbuka joto la juu na la chini kabisa ni bora zaidi, kwa sababu jokofu lililofika nyuzi 15 saa nane usiku linaweza kuwa limerudi nyuzi 6 saa mbili asubuhi. Daftari lenye "nyuzi 4" kila siku kwa miezi mitatu, kwa mwandiko na wino uliofanana, mkaguzi hulitilia shaka kabla hajaligusa jokofu.

## Mei 2020 na Januari 2025

Tarehe 3 Mei 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina na umri wa binadamu, na kwamba baadhi zilirudi zikionyesha virusi vya korona. Alisema huenda tatizo liko kwa vitendanishi, vijiti vya kuchukulia sampuli au watumishi. Wizara ya Afya iliunda kamati ya uchunguzi. Siku chache baadaye John Nkengasong, mkurugenzi wa kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, alisema kwamba vipimo vilivyokuwa vikitumika Tanzania vinajulikana kufanya kazi vizuri.

Kwa upande wa ufundi, tukio hilo linaonyesha mambo mawili. Kwanza, kumpelekea mpimaji sampuli bila yeye kujua ni njia halali na ya zamani ya kukagua. Belk na Sunderman walifanya jambo la jamaa hiyo. Pili, sampuli ya ukaguzi lazima iwe ya aina ambayo kipimo kilithibitishwa kwayo. Juisi ya papai si makohozi wala ute wa pua, na jibu lake, liwe chanya au hasi, halielezi kipimo kinavyofanya kwa binadamu. Sampuli za watu wanaojulikana kuwa hawana ugonjwa, na kontroli hasi ya kila siku pamoja na namba ya toleo lake, ndizo zinazoweza kujibu swali la kwamba kitendanishi kimechafuka au la.

Shaka huweza kuja pia kutoka upande wa pili. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo, wilaya jirani na Chato, kwa vipimo vya maabara hamishika ya Kabaile mkoani Kagera vilivyothibitishwa Dar es Salaam. Tarehe 20 Januari, Serikali ilipotangaza mgonjwa mmoja, sampuli nyingine 25 zilikuwa zimekutwa hasi. Jibu hasi katika mlipuko humruhusu mtu kurudi kwa watoto wake. Kinachoonyesha kwamba kitendanishi kilikuwa hai siku hiyo ni kontroli chanya iliyopimwa pamoja na sampuli hizo.

## Taasisi na kanuni

Kiwango cha kimataifa cha maabara za tiba ni ISO 15189, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2003; toleo lake la nne ni la 2022. Maabara kadhaa za Tanzania zimepata ithibati kwa kiwango hicho kupitia SADCAS, yenye makao Gaborone, Botswana. Kwa maabara zilizo mbali na hatua hiyo, Ofisi ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilizindua mjini Kigali mwaka 2009 utaratibu wa kupanda ngazi kwa nyota, kutoka 0 hadi 5, na uhakiki wa vitendanishi ni miongoni mwa yanayokaguliwa.

Tanzania Bara, ununuzi na usambazaji wa vitendanishi vya vituo vya umma ni kazi ya Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Usajili na ukaguzi wa ubora wake uko chini ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019 baada ya kuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Maabara binafsi husimamiwa na bodi iliyowekwa na sheria ya 1997, na wataalamu wenyewe na baraza lao. Kituo kinachogundua toleo lenye kasoro hutakiwa kulitenga, kuandika namba yake, na kutoa taarifa kwa mamlaka na kwa aliyelileta. Boksi moja likitupwa kimya kimya, mengine ya namba hiyo yataendelea kutumika wilaya ya jirani.

Tathmini ya nje, ambapo maabara nyingi hupelekewa sampuli zilizofanana na majibu kulinganishwa, imeendeshwa kwa ushirikiano wa Kenya, Uganda, Tanzania Bara na Zanzibar pamoja na shirika la AMREF. Kwa vipimo vya haraka vya VVU hutumika sampuli zilizokaushwa ndani ya vichupa, ambazo husafiri bila barafu na huloweshwa zikifika. Tathmini hizi huja mara chache kwa mwaka, na kati ya moja na nyingine maabara hubaki na kontroli zake, chati yake na daftari lake la matoleo.